Wazimu wa Kuchezwa: Rungwe na Swali la Kusafisha Michezo

Hospitali ya Wilaya ya Rungwe imo Makandana, kata iliyo ndani ya mji wa Tukuyu. Maiti wengi wanaozikwa katika vilima vya Unyakyusa huanzia hapo safari yao ya kurudi nyumbani. Gari hupanda na kushuka baina ya migomba na mashamba ya chai, mara nyingi kwenye mvua, kwani mlima Rungwe, wenye kimo cha karibu mita 2,960, hauwaachi watu wake wakae kavu kwa muda mrefu. Na waliomo garini huimba nyimbo za kanisa. Nyumbani majirani wamekwisha kukusanyika, ng'ombe amekwisha kuchinjwa, masufuria yako motoni. Msiba wa Mnyakyusa haujapata kuwa jambo la watu wachache.

Hata hivyo, lau mzee aliyefariki Rungwe mnamo mwaka 1880 angefufuka na kuhudhuria maziko hayo, angetazama huku na huku kisha akauliza: vita viko wapi? Na wazimu, je? Na takataka, mbona hazikumwagwa?

Maswali ya mzee huyo yanaingia moja kwa moja katika mjadala ambao leo una makelele mengi katika nchi za mbali: mchezo wa kujivika nafsi za wengine ukiwa na jambo la kuchukiza ndani yake, je, jambo hilo liondolewe? Huko mjadala ni wa michezo ya mezani, ile ambayo watu watano au sita huketi kuizunguka meza, kila mmoja akajitwalia nafsi ya kubuni, shujaa au mwizi au mchawi, na mmoja akawa msimulizi na mwamuzi, wakatunga kisa kwa mdomo huku dadu zikiamua nani kashinda. Michezo hiyo itafikiwa mbele. Kwanza ni Rungwe, kwa sababu Rungwe iliulizwa swali hili mapema zaidi, na ikalijibu kwa njia mbili zinazopingana.

Wanaanthropolojia Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti wao Rungwe baina ya mwaka 1934 na 1938. Walijifunza Kinyakyusa, wakakaa vijijini, na karani wao Leonard Mwaisumo akawa jicho na sikio lao mahali ambapo mgeni hafiki. Mwaka 1939 Godfrey alichapisha makala ndefu juu ya desturi za maziko. Alifariki mwaka 1944, umri ungali mbichi, na Monica akabaki kuzifanyia kazi karatasi za wote wawili kwa zaidi ya miaka thelathini: Good Company kilitoka mwaka 1951, Rituals of Kinship among the Nyakyusa mwaka 1957, na vingine vikafuata hadi mwaka 1977.

Walichokikuta ni hiki. Wanawake walimlilia maiti kwa sauti kubwa. Uani, wanaume walicheza ukukina, ngoma ya vita. Vijana walishika mikuki, wakaruka juu, wakakanyaga ardhi kwa kishindo, kila mmoja akicheza kana kwamba yuko peke yake na adui yake. Wanawake nao walijipenyeza katikati yao. Kadiri mchana ulivyosogea, kilio kilipungua na kicheko kikapanda. Wasichana waliwatazama vijana, na vijana walijua kuwa wanatazamwa. Mara nyingine ugomvi wa kweli ulizuka, maana watu wa kijiji hiki na kijiji kile walikuwa na yao ya zamani, na mikuki haikuwa ya kuchongwa kwa mti.

Mgeni aliyesimama pembeni angeapa kuwa watu hawa hawana huzuni. Wenyewe waliwaeleza kina Wilson kinyume chake: kucheza huko ndiko kuomboleza, aliyefiwa ana vita moyoni, na vita hivyo havina budi kupata uwanja.

Jambo la pili lilikuwa gumu zaidi kulitazama. Kwa maelezo ya Monica Wilson, Wanyakyusa walikuwa watu wenye kuuogopa sana uchafu. Vitu vitokavyo mwilini vilizungushiwa miiko mingi, na uchafu uliambatanishwa na wazimu: mwendawazimu hujulikana kwa kuvua nguo zake na kula uchafu. Lakini katika tambiko la kifo watu hao hao waliufuata uchafu kwa miguu yao. Wafiwa walifagiliwa takataka zikawaangukia. Walitenda matendo ya wazimu, wakiwa na akili zao timamu. Sababu waliyoitoa haikuzungushwa: takataka zile ni za kifo, na ni heri zije sasa, mbele ya watu, kuliko kuja baadaye mtu akiwa peke yake. Aliyeucheza wazimu siku ya msiba hatapatwa nao baada ya msiba.

Tambiko hilo lingeweza kubaki katika vitabu vya wataalamu wachache, lakini Mary Douglas, mwanaanthropolojia wa Uingereza, alilichukua mwaka 1966 katika kitabu chake Purity and Danger, kitabu kilichosomwa duniani kote, akaliweka karibu na mwisho, pale hoja yake ilipohitaji nguzo. Kilichomshangaza ni kuwa jamii yenye kukimbia uchafu kila siku ndiyo inayoukumbatia siku moja kwa makusudi. Asiyejali uchafu hana cha kuigiza.

Kuna kitu cha tatu, kinachoonekana kidogo tu lakini ndicho kinachofunga viwili vya mwanzo. Wanyakyusa waliamini kuwa hasira iliyofichwa ni hatari kuliko iliyosemwa. Katika matambiko, ndugu wenye kinyongo walitakiwa wakiseme, la sivyo tambiko halifai kitu. Manung'uniko ya wanakijiji dhidi ya mkosaji yaliitwa imbepo sya bandu, pumzi za watu, na iliaminiwa kuwa pumzi hizo humtia mtu baridi hadi akaugua. Na fadhila kuu ya maisha ilikuwa ukwangala, yaani kuketi na wenzako, kula na kunywa na kuzungumza nao kwa uchangamfu. Wavulana walipofika miaka kumi au kumi na mmoja walijijengea vibanda kando ya kijiji cha baba zao na kuanza kijiji chao cha rika, na humo walijifunza ukwangala kwa kuuishi. Jamii iliyouthamini hivyo uchangamfu ilijua pia kuwa hauwezi kudumu bila mahali pa kumwagia kilicho kinyume chake. Wenye kuona katika ngoma zile ushenzi mtupu hawakuliona hilo.

Wageni waliokuja kulijibu swali kwa njia nyingine walifika mwaka 1891. Mwaka huo Wamoravian walijenga kituo chao Rungwe, wakiongozwa na Theodor Meyer na Theophil Richard, na mwaka huo huo Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin waliingia katika nchi hiyo hiyo. Ngoma za maziko, pombe za matambiko na ndoa za wake wengi ziliwekwa nje ya ua wa kanisa. Mkristo alizikwa kwa nyimbo na sala. Ndugu zake Wakristo hawakushika mkuki wala hawakufagiliwa takataka. Katika makala yake ya mwaka 1939, Godfrey Wilson aliyaweka maziko ya aina mbili ubavu kwa ubavu, kwa kuwa wakati ule yote mawili yalikuwapo katika kijiji kimoja, na pengine katika ukoo mmoja.

Ni rahisi leo kuwahukumu wamisionari, na hukumu hiyo imekuwa kama ada ya kuingilia katika kila maandishi ya utamaduni. Haitoshi. Wanyakyusa walioacha ukukina hawakuwa wote watu waliotishwa. Aliyesadiki kuwa marehemu wake amelala akingoja kufufuliwa hakuwa tena na sababu ya kujitenga naye kwa takataka. Tambiko lilikuwa jibu la hofu ambayo yeye aliamini kuwa imeondoka. Mtu wa namna hiyo hakunyang'anywa kitu, alihama nyumba. Wapo pia waliochoka na mikuki ya kweli. Kosa la wageni lilikuwa kuamini kwamba jambo likichukiza machoni basi limekwisha kueleweka. Walilifagia kabla ya kuuliza lilikuwa likifanya kazi gani, na waliozaliwa baada yao hawakupata hata nafasi ya kuchagua.

Msomaji wa visiwani hana haja ya kusafiri hadi nyanda za juu kusini ili kuielewa habari hii. Kila mwaka mwezi wa Julai, Makunduchi husherehekea Mwaka Kogwa. Watu wa pande mbili za mji hukabiliana uwanjani na kupigana kwa migomba, na husemwa wazi kwamba kila mmoja amekuja na kinyongo chake cha mwaka ili akiache pale. Wanawake huzunguka wakiimba, na maneno yao si ya kumsomea mgeni wa heshima. Kibanda huwashwa moto. Kisha watu hula pamoja. Inasimuliwa kuwa hapo zamani silaha zilikuwa fimbo na marungu, na wenyewe wakabadili wakashika migomba. Hebu jambo hilo litazamwe vizuri: kipigo kilipunguzwa ukali, lakini hakikuondolewa, na waliokipunguza ndio waliokuwa wakikila na kukitoa. Rungwe haikupewa muda wa kufanya hivyo. Laiti ukukina ungeachiwa miaka hamsini mikononi mwa wachezaji wake, pengine mikuki ingekuwa mabua.

Pwani ina mfano mwingine, na huu unakaribia zaidi meza za wachezaji wa ughaibuni. Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikienea kwa kasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Terence Ranger, aliyeandika historia yake mwaka 1975, alionyesha jinsi mchezo huo ulivyokuwa ulimwengu kamili: vyama viwili vinavyoshindana, Kingi na Scotchi huko Mombasa, Marini na Arinoti huku Tanganyika; vyeo vya mfalme na jenerali na daktari; mavazi ya kijeshi, gwaride, mabomba, na nyimbo za kuwakejeli wapinzani. Kuli wa bandarini alikuwa mfalme siku ya Jumapili. Tukuyu yenyewe, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, iliingiliwa na majeshi ya Jenerali Northey yakitokea Nyasaland mwaka 1916, na kandokando ya Ziwa Nyasa gwaride lile lile lilizaa malipenga na mganda.

Beni iliwakera watu wa pande zote. Maofisa wa Kiingereza walihofu baada ya vita kuwa vyeo vile ni jeshi la siri, wakachunguza, wakakuta zaidi vyama vya kusaidiana na kuzikana. Wamisionari waliona upotovu. Wazee wa mji waliona vijana wasio na nasaba wakijiita mabwana. Lakini kilichokera ndicho kilichokuwa mchezo. Mtu aliyepigwa amri kwa miaka mitatu kama mpagazi au askari alijitwalia mwenyewe ile sauti ya amri, akaivaa, akaivua jioni. Beni bila vyeo ni watu wanaotembea na ngoma. Katika Bara ilidhoofika kwa kupitwa na wakati. Unguja ikabaki mikononi mwa wanawake na harusi, na hadi leo hupita mitaani ikiwa na maneno ambayo bwana harusi husikia na kujifanya hakusikia.

Baada ya uhuru, ufagio ulishikwa na mkono mwingine. Mwalimu Nyerere, mara tu baada ya kuwa rais mwezi wa Desemba 1962, aliunda wizara ya utamaduni wa taifa, akieleza uchungu wa watu waliofundishwa kuzidharau ngoma zao. Nia ilikuwa njema, na matokeo yake yalikuwa makubwa. Lakini ngoma iliyopanda jukwaani ilibidi ifupishwe, ipangwe mistari, ivishwe sare, na maneno yake yafae kusikilizwa na mgeni rasmi. Wamisionari waliifukuza ngoma kwa kuwa ni mbaya. Taifa liliikaribisha kwa sharti la kuwa nzuri. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka kibali na ukaguzi juu ya kile kionyeshwacho. Hata Tukuyu, tamasha la ngoma za asili lililoanza kufanyika katika nusu ya pili ya miaka ya 2010 lilikusanya vikundi kutoka mikoa mbalimbali, na ilikuwa furaha kuwaona. Msiba, bila shaka, hauchezwi tamashani. Wala haufai kuchezwa hapo. Ni sawa na msondo wa unyago ambao Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliutoa ndani akaupeleka majukwaani: uliposikika nje ya ua, wapo waliofurahi na wapo waliochukia, na wote wawili walikuwa wakisikia kitu kingine, si kile walichokisikia wanawali.

Sasa ni zamu ya meza. Mchezo uitwao Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na ndio mama wa michezo yote ya aina hiyo. Katika miaka ya 1980 ulipatwa na yaliyoipata ukukina. Wapo walioona majina ya mashetani katika vitabu vyake wakaamini kuwa watoto wanafundishwa kuabudu shetani. Patricia Pulling, mama wa jimbo la Virginia aliyefiwa na mwanawe kwa kujiua, aliulaumu mchezo huo, na mwaka 1983 akaunda chama cha kuupinga. Uchungu wake ulikuwa wa kweli. Shtaka lake halikuthibitika. Mwaka 1989 kampuni yenye mchezo ilitoa toleo la pili, na neno shetani likafutwa, viumbe wale wale wakapewa majina ya kubuni yasiyojulikana na mtu. Toleo la tatu la mwaka 2000 likayarudisha majina ya zamani, wala dunia haikuanguka. Ulikuwa usafi wa kuwaridhisha wasiocheza, na wachezaji kwa miaka kumi na mmoja waliendelea kuwaita mashetani kwa jina lao.

Lau habari ingeishia hapo, hukumu ingekuwa nyepesi: mchezo na uachwe kama ulivyo. Haikuishia hapo. Mwaka 2020 kampuni iliyorithi mchezo huo, Wizards of the Coast, ilikiri kuwa baadhi ya viumbe wake, wale waitwao orc na drow, walikuwa wameelezwa kwa maneno yanayofanana mno na yale yaliyotumiwa kuwaeleza watu wa kweli katika dunia ya kweli. Aliyesoma ripoti za maofisa wa kikoloni anayajua maneno hayo: wakali kwa kuzaliwa, wazito wa akili, hawafai ila kwa kutawaliwa. Kisha mwezi wa Agosti 2022 ukatoka mkusanyiko mpya wa vitabu vya mchezo wenye viumbe mfano wa nyani, hadozee, walioandikiwa historia hii: mchawi aliwakamata wakiwa wanyama, akawanywesha dawa wakapata akili, akakusudia kuwauza, nao wakapata kuokolewa kwa msaada wa wanafunzi wa mchawi huyo huyo. Mapema mwezi uliofuata kampuni iliomba radhi na kuifuta habari hiyo.

Kwa msomaji wa pwani, ambaye katika Mji Mkongwe hupita kila siku mahali palipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873, maelezo zaidi hayahitajiki. Watu waliokuwa wanyama mpaka bwana alipowapa akili: kisa hicho hakikubuniwa mwaka 2022. Kilitumika kuhalalisha biashara yenyewe.

Je, kukifuta kisa hicho ni sawa na kuwafagia wacheza ukukina? Wapo wasemao ni sawa, kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba anayeanza kwa kufuta kiumbe ataishia kwa kufuta ushairi. Hofu yao si ya kubezwa, hasa na washairi. Lakini tambiko la Rungwe lina jibu, nalo limo katika jambo dogo ambalo ni rahisi kulipita: takataka zilimwagiwa nani? Zilimwangukia mfiwa. Aliyecheza wazimu alicheza wazimu wake mwenyewe, ule aliouogopa kuwa unamjia. Wapiganaji wa Makunduchi hupigwa wao. Mchezaji wa beni alivaa cheo cha bwana aliyemtesa, akamchezea yeye. Katika yote matatu, jambo la kuchukiza linachukuliwa na mwenye nalo, au linarudishwa juu kwa mwenye nguvu. Kisa cha hadozee kilifanya kinyume: kilichukua uchafu wa historia kikaumwaga juu ya watu ambao hawakuwapo mezani, kisha kikaita huo burudani.

Tofauti hiyo haimalizi kila kesi. Pwani yenyewe haina mikono safi. Nyimbo za ngoma za mashindano zimewahi kumfukua mtu nasaba yake mbele ya watu, kumkumbusha mama yake alinunuliwa wapi, na waliocheka walikuwa wengi. Mashairi ya kujibizana, tangu zama za Muyaka hadi Kimondo, yale malumbano ya uchaguzi wa Lamu Mashariki ya miaka ya 1974 na 1975 yaliyosambazwa kwa kanda, yamebeba kejeli ambazo leo zinasomwa kwa ajili ya ufundi wake na walengwa wake wamesahaulika. Aliyelengwa na kujibu kwa beti alikuwa uwanjani. Aliyelengwa asijue kutunga alikuwa wapi? Swali hilo halijaulizwa vya kutosha na wapenzi wa fani hii, pengine kwa sababu jibu lake lingepunguza baadhi ya diwani.

Wachezaji wa mezani wamejitafutia chombo chao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 wengi wao huweka katikati ya meza kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos. Mchezaji yeyote akiona kisa kimefika mahali asipoweza kustahimili, huigusa kadi, na jambo lile huondolewa papo hapo bila kuulizwa sababu. Wapo wanaolicheka jambo hilo kuwa ni udhaifu. Lakini kadi ile haiondoi kitu kitabuni. Inaondoa kwenye meza hii, usiku huu, kwa ajili ya huyu aliyeketi hapa. Meza ya pili itacheza lile lile hadi mwisho. Huo ni ukwangala kwa jina jingine: wenzako wanajua umebeba nini. Kijiji cha rika kisingehitaji kadi, kwa kuwa watu wake walikua pamoja tangu utotoni. Wageni wanaokutana mjini wanaihitaji.

Na kuna kazi ya kusafisha ambayo haifanywi na kanisa, wala serikali, wala kampuni. Hufanywa na mwandishi na mfasiri, kwa ukimya. Henri Junod, mmisionari Mswisi aliyeandika juu ya Watsonga mwanzoni mwa karne ya 20, aliyaweka mambo ya unyumba na ya miili katika Kilatini, ili yasomwe na madaktari na wasomi, yasisomwe na wake zao, wala na Watsonga wenyewe. Monica Wilson hakufanya hivyo; alivyoambiwa ndivyo alivyoandika, na kwa hilo anastahili shukrani. Ila aliandika kwa Kiingereza. Karatasi zake na za Godfrey, zikiwamo zile zilizoandikwa Kinyakyusa, zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Cape Town, safari ya nchi kadhaa kutoka Makandana.

Siku atakapotokea mtu wa kuyaleta maelezo hayo ya maziko katika Kiswahili, atakuwa mezani peke yake na neno la Kinyakyusa lililotajwa kwa uchafu wake kamili, na maneno matatu au manne ya Kiswahili ya kuchagua. Moja litakuwa la hospitalini. Moja litakuwa la adabu, na mfiwa atafagiliwa "taka" kama anayefagia ukumbi wa mikutano. Jingine litakuwa lile ambalo watu wa Rungwe walilitaja wenyewe walipokuwa wakieleza kwa nini wanafanya vile, na ambalo mhariri, akiwa na wasomaji wa kila aina, atalipigia mstari na kuuliza pembeni kama kweli lina lazima.